Nyanya za kamba: Jinsi vibebeo vinavyosogea hurefusha mavuno katika kivungulio

NYANYA ya aina ndefu haijui kikomo. Ikipata joto, maji na mbolea ya kutosha, shina lake huendelea kurefuka wiki baada ya wiki, likitoa kishada kipya cha maua baada ya kila majani matatu hivi. Kinachoikomesha ni paa. Katika vivungulio vingi vya mbao vya wakulima wadogo nchini Kenya, waya unaofungiwa kamba za mimea huwa kwenye kimo cha mita mbili na kidogo kutoka ardhini. Mmea uliotunzwa vyema huufikia waya huo takriban wiki kumi baada ya miche kuhamishwa kutoka kitaluni, yaani wakati uo huo ambapo matunda ya kwanza yanakaribia kuiva.

Hapo mkulima huwa na njia tatu. Anaweza kuikata ncha ya mmea ili usiendelee kurefuka. Anaweza kuuacha upinde juu ya waya na kuning'inia upande wa pili, ingawa majani yatasongamana na kuzibiana mwanga. Au anaweza kuushusha, ncha ikabaki chini ya waya huku sehemu ya shina iliyokwisha kuvunwa ikilazwa karibu na ardhi.

Njia hii ya tatu ndiyo inayotumiwa na wakulima wakubwa wa nyanya nchini Uholanzi, Canada na kwingineko, ambako shina moja huweza kupita urefu wa mita kumi kabla ya msimu kwisha. Siri yake si mbegu pekee. Ni kifaa kidogo kinachoning'inia juu ya kila mmea: kibebeo kinachoweza kuteremsha kamba na kusogezwa kando juu ya waya.

Kibebeo ni nini?

Kibebeo cha kawaida ni kulabu ya waya mgumu wa chuma iliyopindwa pande mbili. Sehemu ya juu huangikwa kwenye waya mkuu. Sehemu ya chini huzungushiwa kamba ya akiba, mizunguko mingi kama uzi kwenye kibiringo. Mwisho wa kamba huteremka hadi kwenye shina la mche na kufungwa kwa kitanzi kilicholegea au kubanwa kwa klipu ya plastiki. Kila kulabu inapogeuzwa mara moja, mzunguko mmoja wa kamba hufunguka na mmea hushuka kwa kiasi hicho.

Aina ya pili huwa na kigurudumu kilichofungwa ndani ya kifuko cha plastiki, ambacho huachilia kamba mkulima anapobonyeza au kuvuta kizuizi. Hii ni rahisi kutumia lakini bei yake ni ya juu zaidi.

Aina ya tatu haina kamba ya akiba kabisa. Hutumia vishikizo viwili vya chuma vinavyopokezana: kimoja hushikilia shina upande wa chini na kingine karibu na ncha. Mmea unaporefuka, kishikizo cha chini hufunguliwa na kuhamishiwa juu, nacho kilichokuwa juu hugeuka kuwa cha chini. Chuma hicho kinaweza kusafishwa kwa maji yanayochemka na kutumika tena miaka mingi, na baada ya msimu hakuna kamba za plastiki zilizonaswa katika mabaki ya mimea.

Zipo pia kulabu zenye magurudumu madogo yanayoserereka juu ya waya au bomba. Hizi hupunguza kazi ya kuinua kila kulabu na kuiweka mahali papya. Bomba linafaa zaidi kwa vibebeo vya aina hii, kwa sababu waya uliolegea huviacha viteremke vyenyewe na kukusanyika katikati, pale unapobonyea.

Kwa nini visogee?

Mkulima akiteremsha kamba bila kuisogeza kando, shina hujikunja chini kama nyoka aliyejiviringa. Hujikanyaga, huvunjika, na matunda ya chini hugusa udongo. Ndiyo maana kila mmea unaposhushwa, kulabu yake husogezwa kando kwa umbali unaokaribiana na ule ulioteremshwa. Shina hulala kwa mshazari, ncha ikiendelea kusimama wima.

Katika tuta lenye mistari miwili, mstari mmoja husogezwa kuelekea upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto. Mimea iliyofika mwisho wa mstari hugeuzwa kwenye kona na kujiunga na mstari wa pili. Tuta zima huzunguka polepole, kila mmea ukichukua nafasi iliyoachwa na jirani yake.

Kona ndiyo mahali pa hatari. Shina likipindwa ghafla huvunjika au hupasuka, na maji hayafiki juu. Bomba lililopindwa kwa duara, au hata fito tatu zilizochomekwa kwa umbo la nusu mviringo mwishoni mwa tuta, huliongoza shina lipinde taratibu.

Vilevile, shina lililolazwa halifai kugusa udongo. Likigusa udongo wenye unyevu huota mizizi mipya, huoza na kufungua mlango kwa kuvu. Vishikio vya waya mgumu vyenye umbo la herufi M, au fito zilizolazwa juu ya vigingi, huliinua kwa sentimita 20 hadi 30. Hewa hupita chini yake na mipira ya maji ya matone hubaki wazi kukaguliwa.

Hesabu ya msimu

Faida ya vibebeo mara nyingi hutajwa kwa maneno makubwa. Ni heri kuipima kwa hesabu.

Chukulia kivungulio cha mita 8 kwa 15, kipimo ambacho kimeenea miongoni mwa wakulima wadogo wa Kenya tangu kampuni za vifaa vya kilimo zilipoanza kuuza vivungulio kama vifurushi kamili mwishoni mwa miaka ya 2000. Ukubwa wake ni mita 120 za mraba, na kwa kawaida mkulima huambiwa kwamba kinatosha miche 500.

Chukulia pia kwamba mmea hurefuka sentimita 20 kwa wiki, kwamba kishada cha kwanza kiko sentimita 40 kutoka ardhini na vingine hufuata kila baada ya sentimita 25, na kwamba kila kishada huzaa nusu kilo, yaani matunda matano ya gramu 100. Ua huchukua takriban wiki nane hadi kuwa tunda lililoiva.

Mkulima anayekata ncha mmea ukiwa na urefu wa mita mbili hupata vishada saba, yaani kilo 3.5 kwa kila mmea. Miche 500 humpa kilo 1,750. Mavuno huanza karibu wiki ya 11 na kwisha karibu wiki ya 18. Akipanda tena mara moja, katika wiki 36 atakuwa amevuna kilo 3,500.

Mkulima anayeshusha mimea hawezi kusonganisha miche 500, kwa sababu mashina yanayolazwa yanahitaji nafasi na majani yanahitaji mwanga kwa muda mrefu zaidi. Matuta matano yenye mistari miwili, miche ikiachana kwa sentimita 40, huchukua miche 350 hivi. Akiendelea kushusha hadi wiki ya 24 ndipo akate ncha, kila mmea utakuwa umeongeza vishada 11 na kufikia 18, sawa na kilo 9. Jumla ni kilo 3,150, na mavuno ya mwisho hutoka wiki ya 32.

Ukigawanya, wa kwanza hupata wastani wa kilo 97 kwa wiki na wa pili kilo 98. Kwa uzito pekee, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Tofauti iko kwingine. Wa kwanza amenunua miche 1,000, wa pili 350, na mbegu chotara za kivungulio si za bei rahisi. Wa kwanza amevuna kwa vipindi viwili vya wiki saba au nane, na kati yake pana pengo la zaidi ya miezi miwili bila tunda hata moja. Wa pili amevuna kila wiki kwa miezi mitano mfululizo. Mwenye mkataba na hoteli, shule au duka kubwa anahitaji mavuno ya namna hii. Anayelenga kuuza wakati mmoja tu wa mwaka bei inapopanda hana haja nayo.

Mzigo juu ya paa

Jambo ambalo wengi hulisahau ni uzito. Mimea iliyofungwa kwa kamba haisimami kwa miguu yake. Imening'inia, na kila kilo ya matunda hubebwa na waya, kisha nguzo.

Kiwango cha Ulaya cha ujenzi wa vivungulio, EN 13031-1, huhesabu mzigo wa kilo 15 kwa kila mita ya mraba kwa mimea kama nyanya na matango. Katika kivungulio cha mita 120 za mraba, huo ni mzigo wa kilo 1,800. Ni sawa na kuning'iniza magunia 20 ya mahindi, kila moja la kilo 90, kwenye mbao za paa. Kivungulio kilichojengwa kuhimili karatasi ya plastiki na upepo peke yake hakiwezi kubeba mzigo kama huo kwa miezi minane.

Kwa sababu hiyo, waya mkuu haufai kufungwa kwenye mbao za paa. Unahitaji nguzo zake wenyewe, zilizochimbiwa vyema na kupakwa dawa ya kuzuia mchwa. Nguzo za mwisho wa mstari huhitaji mwega wa mshazari au kufungwa kwa waya kwenye jiwe lililozikwa nje ya kivungulio, kama zinavyofungwa nguzo za pembeni za ua wa seng'enge.

Waya wenyewe nao una siri yake. Mimea ya kilo 5 iliyoachana kwa sentimita 40 huuwekea waya kilo 12.5 katika kila mita. Nguzo zikiwa mbali kwa mita 3, na waya ukibonyea sentimita 10 katikati, mvuto kwenye nguzo ya mwisho hukaribia kilo 140. Mkulima akiukaza hadi ubonyee sentimita 5 tu, mvuto huongezeka maradufu na kufika kilo 280. Kukaza sana ili waya uonekane umenyooka ndiko kunakozing'oa nguzo. Ni afadhali kuongeza nguzo kuliko kuongeza nguvu ya kukaza: umbali ukipunguzwa kutoka mita 3 hadi 2, mvuto hupungua hadi chini ya nusu kwa kiasi kile kile cha kubonyea.

Kimo cha waya huambatana na joto pia. Hewa ya moto hukusanyika chini ya plastiki. Ncha ya mmea ikikaribia sana paa, maua huchomeka na chavua hupoteza nguvu. Nyanya huanza kudondosha maua joto linapopita nyuzi 32 za selsiasi. Nafasi ya angalau nusu mita kati ya waya na karatasi ya plastiki huisaidia mimea, nao upenyo wa hewa kwenye kilele cha paa husaidia zaidi. Katika maeneo ya joto kama Machakos, Kajiado au Pwani, paa refu si anasa. Katika maeneo ya baridi kama Kinangop na sehemu za juu za Kiambu, shida ya Julai huwa kinyume: usiku wa chini ya nyuzi 10 huifanya nyanya ishindwe kushika matunda na kurefuka polepole, na hivyo ushushaji hupungua.

Kushusha hatua kwa hatua

Kazi ya kushusha huanza kabla mmea haujagusa waya. Ncha inapobakisha sentimita 30 hivi, ni wakati wake. Ikiwahi kupita waya na kupinda, kuirudisha chini bila kuivunja huwa taabu.

Kwanza, majani ya sehemu itakayolazwa huondolewa siku moja au mbili kabla. Kanuni iliyozoeleka ni kuondoa majani yaliyo chini ya kishada kinachoiva, yasizidi matatu kwa mara moja, na kuuachia mmea majani kati ya 15 na 18. Kazi hii hufanywa asubuhi ya siku kavu ili vidonda vikauke kabla ya jioni. Jani huvunjwa au kukatwa karibu kabisa na shina, maana kipande kinachobaki huoza na kualika ukungu wa kijivu.

Pili, kushusha kwenyewe hufanywa alasiri. Asubuhi mashina huwa yamejaa maji na huvunjika kwa urahisi. Baada ya jua la mchana hulegea kidogo na kukubali kupinda.

Tatu, mkulima hushika shina kwa mkono mmoja chini ya ncha, na kwa mkono wa pili huinua kulabu, hufungua mzunguko mmoja au miwili, kisha huirudisha kwenye waya mahali papya. Kazi huanzia kwenye mmea ulio mwisho wa mstari, upande inakoelekea mimea, ili kila unaofuata upate nafasi iliyo wazi. Mimea yote ya tuta moja hushushwa siku moja na kwa kipimo kimoja. Ukiachwa mmoja juu, huwatilia wenzake kivuli.

Nne, ncha huzungushwa kwenye kamba kwa kufuata upande mmoja siku zote, au hubanwa kwa klipu chini ya jani lenye nguvu, kamwe si chini ya kishada. Machipukizi ya pembeni huondolewa wakati huo huo yakiwa bado madogo, kwa vidole na si kwa kisu.

Kushusha kidogo kila wiki ni bora kuliko kushusha sana mara moja kwa mwezi. Mmea ulioteremshwa nusu mita kwa siku moja hupoteza mpangilio wa majani yake kuhusu mwanga, na husimama kwa siku kadhaa kabla ya kuendelea. Iwapo kila mmea utachukua nusu dakika, miche 350 itamaliza karibu saa tatu za mtu mmoja kila wiki. Asiye na saa hizo, wala uwezo wa kumlipa mtu wa kuzifanya, hafai kuanza.

Ngazi au jukwaa la kusimamia liwe imara. Nchini Uholanzi wafanyakazi hupanda toroli linalotembea juu ya mabomba ya joto yaliyolazwa kati ya matuta. Kwa mkulima mdogo, benchi pana la mbao linatosha kuliko ndoo iliyopinduliwa.

Kamba ya mkonge au ya plastiki?

Mmea utakaofikia mita tano unahitaji kamba ya mita saba hivi, ikihesabiwa sehemu ya kufungia na ya akiba. Kwa miche 350 hizo ni mita 2,450.

Kamba za plastiki zilizotengenezwa kustahimili jua hazivuti maji na hazikatiki katikati ya msimu. Kasoro yake huonekana mwishoni, kwa kuwa mabaki ya mimea yaliyonaswa ndani ya kamba hizo hayafai mboji wala hayapaswi kutupwa shambani. Kamba ya mkonge, zao ambalo Kenya inalo, huoza pamoja na mabaki. Lakini uwezo huo wa kuoza ndio udhaifu wake pale ambapo inakaa kwenye unyevu kwa miezi minane. Anayechagua mkonge anapaswa kununua ulio mnene na kuhakikisha kitanzi cha chini hakilowi maji ya matone.

Uchavushaji hurahisishwa

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua yake hutoka likitikiswa. Shambani upepo hufanya kazi hiyo. Ndani ya kivungulio hakuna upepo wa kutosha.

Ulaya ilipata jibu katika miaka ya 1980, pale daktari wa mifugo wa Ubelgiji, Roland de Jonghe, alipogundua kwamba nyuki-bambi, wale wakubwa wenye manyoya, huchavusha nyanya za vivungulio kwa mtetemo wa misuli yao ya kurukia. Wadudu hao si wenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa mkulima wa Kenya, waya mkuu wenyewe ndio chombo: kuugonga kwa ufito saa za kati ya asubuhi na adhuhuri, siku kavu, mara tatu au nne kwa wiki, hutikisa maua ya mstari mzima kwa pamoja.

Magonjwa hufuata mikono

Mfumo unaohitaji kila mmea kushikwa kila wiki una gharama isiyoonekana kwenye bei ya kulabu. Kinachosafirishwa na mikono husafiri haraka.

Adui mkubwa wa vivungulio vya nyanya nchini ni mnyauko unaoletwa na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum. Mmea hunyauka ghafla ukiwa bado kijani. Kuuthibitisha si vigumu: kipande cha shina hukatwa na kuning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi, na ikiwa ni bakteria, uzi mweupe kama maziwa huteremka kutoka kwenye kidonda baada ya dakika chache. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu, na bakteria hao hukaa udongoni kwa miaka. Vivungulio vingi vilivyosimama mitupu vijijini viliachwa kwa sababu yake.

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo. Mfumo wa kushusha hutegemea mmea mmoja kuishi miezi minane, na mche unaokufa mwezi wa nne hauachi faida yoyote. Katika udongo ambao tayari una mnyauko, kununua vibebeo ni kupamba nyumba inayoungua. Kwanza udongo uepukwe: kwa kupanda miche iliyounganishwa kwenye vishina vinavyostahimili ugonjwa, au kwa kupanda ndani ya mifuko yenye mawe mepesi ya volkeno au makumbi ya nazi yaliyosafishwa. Mmea ulioathirika hung'olewa pamoja na mizizi na udongo unaoizunguka, na kisu kilichoutumikia hakigusi mwingine kabla ya kusafishwa.

Virusi vya nyanya nao hukaa kwenye kamba, klipu na kulabu. Virusi vinavyokunjamanisha na kutia matunda mabaka ya kahawia, vilivyoonekana Israel mwaka wa 2014 na Jordan mwaka wa 2015 kabla ya kusambaa katika nchi nyingi, huenezwa zaidi kwa mikono, nguo na vifaa. Kwa hivyo kamba za msimu uliopita hazitumiki tena, na kulabu huloweshwa kwenye dawa ya kuua viini au kuchemshwa. Kazi huanzia kwenye tuta lenye afya na kuishia kwenye lile linaloshukiwa.

Nondo wa Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka wa 2014, naye hujificha kwenye majani. Mashina yaliyolazwa yakiwa hayana majani humnyima maficho, mradi majani yaliyoondolewa hayaachwi kati ya matuta bali hutolewa nje na kuzikwa au kufungiwa ndani ya mfuko juani.

Mazao mengine

Matango hurefuka haraka kuliko nyanya, hata nusu mita kwa wiki penye joto, na huhitaji kushushwa mara mbili kwa wiki. Wakulima wengi huona ni rahisi zaidi kuyakata kwenye waya na kuacha machipukizi mawili yateremke pande mbili kama mwavuli.

Pilipili mboga hazishushwi. Shina lake ni gumu na huvunjika, tena hurefuka polepole kiasi kwamba waya wa kimo cha kutosha humtosheleza mkulima msimu mzima. Kila shina hupewa kamba yake, nayo mashina mawili ya mmea mmoja hufunguliwa kwa umbo la herufi V.

Matikiti madogo hupanda kamba vizuri, ila kila tunda linapokomaa huhitaji wavu wake unaoning'inizwa kwenye waya, la sivyo kikonyo hukatika. Stroberi hukuzwa kwenye mifereji iliyoning'inizwa kutoka juu, ambayo katika baadhi ya vivungulio vya Ulaya hupandishwa na kushushwa kwa mitambo ili mistari ipishane na nafasi ya kutembelea isiharibike bure.

Nani aanze?

Vibebeo vinavyosogea vinamfaa mkulima mwenye udongo au mifuko isiyo na mnyauko, nguzo zinazohimili mzigo, waya ulio juu zaidi ya mita mbili, mbegu ya aina ndefu na mnunuzi wa kila wiki. Likikosekana moja kati ya hayo, kukata ncha kwenye waya na kupanda upya si ushamba. Hesabu imeonyesha kwamba kilo hukaribiana.

Anayetaka kujaribu anaweza kuanza na tuta moja kati ya matano, miche 70 tu, na kuyaacha mengine katika utaratibu wa zamani. Aandike uzito wa kila mavuno na saa za kazi za kila tuta. Kufikia wiki ya 32 daftari hilo litamweleza, kwa bei za soko lake mwenyewe, iwapo kulabu zimejilipa.